Maneno 120 kwa mlango wa Tippu Tip: shajara ya mradi

Siku ya 1

Tumeanza. Mradi wenyewe ni mdogo hata kuuita mradi naona haya: karatasi moja. Upande huu mchoro wa mlango wa nyumba ya Tippu Tip, yule wa misafara ya pembe na watumwa wa karne ya 19, pale Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja. Upande wa pili maneno yasiyozidi 120. Kila mwaka nawatembeza wanafunzi wa kidato cha pili Mji Mkongwe, na kila mwaka tukifika pale najikuta nahubiri. Kichochoro chembamba, jua la utosi, nyuma yetu kundi la wageni linataka kupita, mbele kuna vespa inapiga honi. Nafasi uliyonayo ni ya dakika moja. Jana nilimpa kijana mmoja saa ashike, nikasoma ukurasa wa kitabu kwa sauti ya kawaida. Dakika ilipokwisha tulihesabu, tukapata maneno 120 na ushei. Ndiyo asili ya hesabu hiyo.

Tuko watatu. Mimi nasomesha Kiswahili. Fundi ni seremala wa milango ya nakshi, kazi aliyoirithi, na amekubali kutusaidia kwa malipo ya kahawa. Wa tatu ni binti wa kidato cha tatu mwenye mkono wa kuchora, anayeniita Maalim hata anaponikosoa.

Sharti tulilojiwekea: hatuingii ndani. Nyumba ina wenyewe. Familia zinaishi humo, wanapika, wanalala, watoto wanakwenda skuli. Mtu asitoke chumbani mwake akakuta walimu wanapima kuta. Tuna mlango, tuna ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe zinazoupandia, tuna ukuta wa nje. Hivyo vinatosha.

Siku ya 3

Leo kupima na kuchora. Binti alianza kwa kupiga picha kwa simu ili achore akiwa nyumbani, jua lisimpige. Fundi akaitazama picha akacheka: mlango umebanwa juu na kupanuka chini kama tenga lililogeuzwa. Kichochoro hakina nafasi ya kurudi nyuma, basi simu inainuliwa, na ikiinuliwa inadanganya. Tukarudi kwenye utepe wa kupimia, karatasi ya miraba na penseli.

Somo la fundi lilikuwa hili: usichore ua kabla hujauchora mfaa. Mfaa ni ule mti wa kati, umeshikamana na ubao mmoja wa mlango, na ule ubao wa pili huja kuuegemea unapofungwa. Ukiupata mfaa wima, kila kitu kingine kina pa kushika: miimo ya kulia na kushoto, kizingiti cha juu, halafu ndiyo nakshi. Binti alikuwa ameanza na maua, kama sote tunavyoanza na maua. Akafuta.

Fundi anasema wazee walikuwa wakisimamisha fremu ya mlango kwanza, kisha waashi wanaleta mawe na chokaa kuizunguka. Ndiyo maana mlango wa zamani ukiutoa unatoka na ukuta. Mlango ndio uliotangaza mwenye nyumba ni nani kabla nyumba haijapata paa. Sikuwa nimeufikiria hivyo. Nilidhani mlango ni pambo la mwisho, kumbe ndio uliotangulia.

Jambo moja la kuandika kabla sijasahau. Saa nne asubuhi mlango huu hauonyeshi kitu: mwanga umelala juu yake, nakshi zote zinaonekana kama madoa. Kuanzia saa tisa alasiri jua linakuja kwa ubavu, na kila mfereji uliochimbwa na patasi unapata kivuli chake. Hapo ndipo unaona vumbi la chumvi lililokaa ndani kabisa, pasipofika kidole wala kitambaa. Paka mmoja mwenye sikio lililochanika amelala ngazi ya pili wakati wote huu na hakusogea hata utepe ulipompitia mgongoni.

Kilichofanyika: vipimo vyote vya nje. Kilichobaki: maneno.

Siku ya 8

Nimekaa barazani hatua chache kutoka mlangoni, na chupa ya maji na daftari, kusikiliza wanaowaleta wageni wanasemaje. Si kuwapeleleza. Nataka kujua maneno yetu 120 yatakuwa yanashindana na nini.

Kwa asubuhi moja nilisikia hadithi mbili. Ya kwanza ni ya papasi, wale vijana wanaokamata wageni njiani: hapa alikaa tajiri mkubwa, mfanyabiashara mashuhuri, mtazame mlango wake, haya twendeni kwenye viungo. Ya pili ni ya mtembezaji mwenye kitambulisho shingoni: hapa alikaa muuza watumwa, uoneni mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango, ndiyo alama ya biashara yake. Wageni wote wanainua simu kwa pamoja.

Jioni nikamwuliza fundi habari ya mnyororo. Akasema yeye ameuchonga mnyororo kwenye milango mingi, ya hoteli na ya nyumba za watu, na hakuna aliyemwuza mtu. Kwa waliomfundisha, mnyororo ni wa kuifunga nyumba na shari, kama samaki ni wa riziki na mtende ni wa neema. Lakini akaongeza, naye hana haraka anaposema: "Maalim, mwenye nyumba hahitaji mnyororo wa mlangoni kumshuhudia. Yake yanajulikana."

Kwa hiyo mnyororo hauingii katika maneno yetu. Ushahidi dhaifu huharibu kesi nzuri.

Siku ya 11

Leo na kesho ni kusoma. Wengi mjini hawajui kwamba Tippu Tip ameyaandika maisha yake mwenyewe, na kwa Kiswahili. Aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wote wa mwambao wakati ule, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903, na tafsiri ya Kijerumani kando. Mwenyewe alikuwa bado hai. Kwa mwalimu wa Kiswahili kitabu hicho ni hazina, na kwa mwanaadamu yeyote ni kitabu cha kusomwa taratibu.

Jina lake ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Anaanza na umri wa miaka thenashara, ndivyo anavyoihesabu, kama mabibi zetu walivyohesabu, alipoanza safari za karibu za kununua sandarusi. Binti hakujua sandarusi ni nini. Nikamweleza ni utomvu mgumu wa mti, unaochimbwa ardhini bara, ulikuwa ukipelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Akasema, "Kumbe alianza na vanishi." Ndiyo, alianza na vanishi.

Baadaye baba yake, aliyekuwa na makao Unyanyembe, Tabora ya leo, na aliyeoa kwa Fundikira, mtemi wa huko, akamtaka bara zaidi. Kutoka hapo simulizi haitui. Anakopa kwa Wahindi wa Unguja, mkubwa wao Taria Topan, yule aliyekuwa akisimamia forodha ya Sultani na ambaye jengo lake la zahanati bado linasimama pale Mizingani. Watu wengi hupita baina ya nyumba hizi mbili bila kujua kwamba moja ilikuwa ikimdai mwenziwe. Anapigana na Nsama, chifu wa Itabwa, mwaka 1867 na kumshinda, na mwaka huohuo anakutana na Livingstone, ambaye ana njaa na hana bidhaa, akamsaidia. Anamkuta Cameron, anamkuta Stanley, wasafiri wengine wa Kizungu. Safari yake ya tatu, iliyoanza mwaka 1870, ilimweka bara karibu miaka 12. Mwenye mlango huu hakuwa mtu wa kukaa mlangoni.

Lugha yake ni kavu na nyepesi. Hana madoido. Anahesabu. Pembe anazitaja kwa frasila, na frasila ni ratili 35, kilo 16 hivi. Deni analitaja, faida anaitaja, nani alimkirimu kwa nini na nani alimdanganya, vyote vimo. Kila jambo lina mizani yake. Watu waliotekwa wanapita kama mvua inavyopita katika habari ya safari: ilinyesha, tukaendelea.

Na jina la Tippu Tip? Wengine husema alipewa kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenyewe anapenda maelezo ya pili: bara waliosikia bunduki zake waliuiga mlio wake. Mtu akichagua asili ya jina lake, uchaguzi huo nao ni habari.

Siku ya 12

Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya kurasa nne tano za Utetera. Naziandika hapa kwa urefu kwa kuwa ndizo zitakazoamua mradi huu, ijapokuwa katika maneno 120 hazitapata hata mstari.

Utetera ni nchi iliyo mashariki ya Kongo ya leo, upande wa mto Lomami. Mtawala wake alikuwa mzee, jina lake Kasongo Rushie. Tippu Tip akiwa njiani kwenda huko akasikia habari ya zamani: kwamba wanawake wa ukoo ule wa kifalme waliwahi kutekwa vitani, wakachukuliwa mbali, na mzee bado anawalilia. Akaikusanya habari hiyo kama mtu anavyokusanya bidhaa. Majina, nani mtoto wa nani, walitekwa na nani. Alipofika akajitambulisha: mimi ni mjukuu. Babu yangu mzaa mama alimnunua mwanamke mmoja kutoka upande huu, na katika nasaba ya mwanamke huyo ndimo nilimotoka. Mzee Kasongo akaamini, au akataka kuamini. Akampa utawala. Pembe zikaanza kuja kwake kama ushuru.

Anaisimulia hadithi hii mwenyewe, kwa raha, bila kujificha. Msomaji wa pwani alitarajiwa acheke.

Nilichoshindwa kukimeza ni hiki. Katika kitabu kizima mateka aliyebaki kichwani mwangu na ukoo wake, na ndugu waliomkumbuka, na machozi ya mzee mmoja, ni huyu ambaye Tippu Tip alimzua awe bibi yake. Kwa hiyo alikuwa anajua. Alijua vizuri kabisa kwamba mtu akitekwa kuna mahali analiliwa, alijua uchungu huo una thamani gani, na aliupeleka sokoni.

Nikamsomea fundi asubuhi. Akanyamaza, akapuliza vumbi la mbao kwenye meza, akasema, "Akili hiyo."

Siku ya 19

Wiki nzima tumebishana juu ya neno moja. Sentensi ya kwanza ya rasimu ilikuwa: "Hapa alikaa Tippu Tip, ___." Jaza.

Mfanyabiashara mashuhuri: ndilo neno la papasi, na si uongo, ila limepigwa pasi. Muuza watumwa: ni kweli pia, ila linamfanya mtu mmoja dukani na bidhaa yake, na kuisahau nyumba ya Mhindi iliyokopesha, Sultani aliyepata ushuru, na viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyotaka pembe za vinanda na mipira ya biliadi. Mvumbuzi: binti alilikuta katika maandishi fulani, nikalikataa kabla hajamaliza kulitamka. Kuna mtu aliyezaliwa kule anayehitaji kuvumbuliwa? Mtawala: alikuwa. Gavana: alikuwa vilevile.

Hilo la gavana ndilo lililomshangaza binti kuliko yote. Mwezi Februari 1887, hapa Unguja, alitia saini mkataba wa kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na dola lake la Kongo. Mshahara pauni 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya dola hilo, na, ndiyo, azuie biashara ya watumwa. Akapanda meli na Stanley kuizunguka rasi ya kusini hadi mdomo wa mto Kongo, aupande mto kwenda, kwa kupitia mlango wa nyuma, nchi aliyokuwa akiitawala tayari. Leopold, ambaye hakuwahi kuikanyaga Kongo, alikuja kuwafanyia watu wa kule ukatili ambao dunia yote inaujua. Bosi na mwajiriwa walifaana.

Rasimu ya leo ina maneno 163 na haina nomino. Nimelala.

Siku ya 22

Hakuna kazi ya maneno. Mvua ya ghafla, tumejibanza chini ya roshani, na fundi akaanza somo la kuta ambalo sikulipanga.

Alinionyesha ukuta mmoja wa kichochoro uliokarabatiwa kwa saruji. Akaupitisha ukucha, plasta ikabanduka kipande kikubwa kama sahani, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Mawe ya matumbawe yananywa maji, alisema, na chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji inaziba mdomo wa ukuta. Maji yakikosa njia ya nje yanakaa ndani, yanapanda, yanafika kwenye ncha za boriti, na boriti za mikoko zikioza huna dari. Chokaa inataka subira: uichome, uizime kwa maji, uiache ilale, uipige plasta nyembamba, usubiri tena. Saruji unaipata dukani saa hii. Umaskini na haraka ndivyo vinavyouangusha Mji Mkongwe, pole pole, nyumba kwa nyumba, hata kama uliandikwa urithi wa dunia mwaka 2000. Kisha akanyamaza, na nikajua anafikiria tarehe 25 Disemba 2020, upande wa mbele wa Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani, ulipoporomoka mchana. Kila fundi wa mji huu anakumbuka alikuwa wapi.

Boriti hizo hizo za mikoko, kwa njia, ndizo zinazoamua vyumba vyetu viwe vyembamba na virefu. Mti haukui zaidi ya urefu fulani, basi chumba nacho hakipanuki. Tajiri na maskini walipimiwa na mkoko mmoja. Tajiri aliongeza urefu na idadi.

Siku ya 26

Leo imetokea bila kuitafuta.

Tulikuwa tunahakiki mchoro, binti ameshika karatasi mbele ya mlango, mara mgeni mmoja mtu mzima, shati limenyooka, akasimama nyuma yetu akatazama muda mrefu. Hakupiga picha. Kisha akauliza kwa Kiswahili ambacho binti alidhani ni lugha nyingine: "Hii njo nyumba ya Tipo-Tipo?"

Alikuwa anatoka Maniema, mashariki ya Kongo. Tukamkaribisha barazani, kahawa ikaja. Kiswahili chake ni cha kule, cha *batu* na *bazee*, na ilichukua dakika kumi masikio ya binti kuzoea. Akatuambia kwao jina hilo halitajwi na mlango. Linatajwa na vita, na vijiji vilivyohama, na wazee wao waliolala porini. Halafu akacheka kidogo akasema lakini tazama, mimi na wewe tunaongea, na lugha hii tumeipata wapi?

Hapo hatukuwa na la kusema, maana ni kweli tupu. Kiswahili kilifika mji wa Kasongo, kikafika Kisangani, kikiwa kinywani mwa watu wa misafara, waungwana na wapagazi na mateka waliolazimika kuelewana. Wakoloni wa Kibelgiji wakakikuta huko tayari. Leo mamilioni mashariki ya Kongo wanasali kwacho, wanagombana kwacho, wanabembeleza watoto kwacho. Mimi nimesomesha fasihi miaka mingi na kila mara nikisema "kuenea kwa Kiswahili" nilikuwa nalisema kama habari ya mafanikio. Sijui kama nitaweza kulisema tena kwa sauti ileile.

Alipoondoka aligusa marumaru ya ngazi kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la sufuria. Paka akahama.

Siku ya 33

Tumeipata njia, na aliyeipata ni binti.

Alikuja na rasimu yangu imepigwa mistari. "Maalim, wewe mwenyewe unatuambia kila siku, ukishindwa na jina tafuta kitenzi. Sasa mbona unatafuta jina?"

Basi tukaondoa nomino zote za kumwita. Hakuna mashuhuri, hakuna katili, hakuna mfanyabiashara. Tukamwachia vitenzi vyake, vingi kati ya hivyo amevikiri kwa kalamu yake: alikopa, alivuka, alipigana, aliteka, alinunua, alipora, alitawala, alirudi, aliandika. Kiswahili kinapenda mfululizo huo wa *aka-* na *aka-*, hausimami kuhukumu, unatembea tu, na msomaji anatembea nao mpaka anajikuta mbali. Ndio mwendo alioutumia yeye mwenyewe. Tofauti ni kwamba sisi hatukuruka watu.

Nilitaka kuweka ile idadi inayotajwa sana, mashamba saba na watumwa 10,000 mwaka 1895. Fundi akakataa. Alisema mtoto akisikia elfu kumi anaona namba, na ataikumbuka kama anavyokumbuka urefu wa mlima. Nimekubali, kwa shingo upande. "Mashamba yaliyolimwa na watumwa" yamebaki.

Mchoro umekamilika. Mfaa umesimama wima.

Siku ya 40

Majaribio. Maneno yametimia 120 barabara, nimehesabu mara tatu kwa kidole. Kabla ya wanafunzi nilitaka asomewe mtu mzima wa mtaani, basi tukaenda kwa bibi mmoja wa vichochoro vya pale anayeuza kashata na visheti mlangoni kwake. Shikamoo, marahaba, kaeni. Binti akasoma kwa sauti. Sekunde 58.

Bibi akaomba asomewe tena. Akatikisa kichwa kwa yale ya Leopold, akacheka kwa yale ya kutogonga mlango. Kisha akauliza:

"Na hizo pembe zilikujaje?"

Nikasema, kwa misafara, bibi.

"Nimesikia misafara. Msafara una miguu?"

Tulikuwa tumeandika alinunua pembe, na kwamba alizipora. Pembe zikawa bara, kisha zikawa Unguja, kama zilizoota mbawa. Hakuna aliyezibeba. Sisi tuliojisifu hatukuruka watu tumewaruka waliokuwa wengi kuliko wote: Wanyamwezi waliokodishwa, na waliofungwa wakatwishwa, miezi na miezi hadi Bagamoyo. Tulimshutumu Tippu Tip kwa kuhesabu frasila bila mabega, tukafanya vilevile kwa sentensi zake.

Bibi akatufungia visheti kwenye gazeti, akakataa pesa.

Siku ya 41

Sentensi ya wapagazi ina maneno manane. Ili iingie lazima manane yatoke. Tumezunguka karatasi asubuhi nzima. Fundi alikuwa tayari kuitoa sentensi ya mlango, ambayo ndiyo kazi yake, nikamkatalia. Mwisho ikatoka hii: "Ngazi zake ni za marumaru nyeusi na nyeupe." Nane kwa nane. Mwanafunzi atakayeishika karatasi atakuwa amesimama mbele yake, anaziona.

Haya ndiyo maandishi yanayokwenda kwa mpiga chapa Jumamosi:

*Nyumba hii ya Shangani inaitwa kwa jina la Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Mlango wake ni kati ya milango iliyonakshiwa sana mjini. Alizaliwa Unguja, akaanza kuuza sandarusi akiwa na miaka 12. Alikopa mali kwa Taria Topan, akavuka bara, akapigana na machifu, akateka watu, akanunua pembe na kuzipora. Pembe zililetwa pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa. Alitawala Utetera na Kasongo, na mwaka 1887 akawa gavana wa Mfalme Leopold kule Stanley Falls. Mwaka 1891 alirudi Unguja, akaishi kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Alifariki Juni 1905. Kiswahili kinachosemwa leo mashariki ya Kongo kilifika huko pamoja na misafara kama yake. Wanaoishi humu ni familia za watu; tazama mlango, usigonge.*

Binti anasema "mlango wake" katika sentensi ya tatu haieleweki ni wa nyumba au wa mtu. Nimemwambia iache hivyo hivyo. Hajaridhika.

Nakala 90, karatasi nzito kidogo isipepee na upepo wa kusi. Deni la kahawa kwa fundi: vikombe 31, kwa hesabu yake.